Madaktari wa naturopathi (ND) Marekani na leseni za majimbo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo ndugu zetu wanaoishi Marekani, Wakongo, Wakenya, Watanzania, Warundi, wanayauliza tena na tena, msibani, harusini, kwenye magrupu ya WhatsApp. Karibu kila jibu linategemea jimbo unaloishi, kwa hiyo kama una haraka ruka mpaka swali la 3 kwanza, angalia jimbo lako liko upande gani, alafu ndo urudi kwenye hayo mengine.

## Mambo ya mwanzo

1. ND ni daktari kweli au ni mganga wa mitishamba?

Inategemea ni ND yupi, na hapo ndo watu wengi wanapotea. Naturopathi ni tiba inayoanzia kwenye chakula, mimea, maji, mazoezi na kubadili namna ya kuishi, kabla ya kukimbilia dawa za famasi. Marekani ilianza na Benedict Lust, Mjerumani aliyehamia kule akafungua shule yake New York mwanzoni mwa miaka ya 1900. Siku hizi kuna watu waliosoma chuo miaka 4 baada ya digrii ya kwanza, wakafundishwa anatomia, magonjwa, kusoma vipimo vya damu, wakafanya mtihani na jimbo likawapa leseni, hao wanajiita ND. Alafu kuna watu waliosoma kozi ya mtandaoni miezi kadhaa nao wanajiita ND, herufi zile zile mbili, na kwa macho tu huwezi kuwatofautisha. Leseni ndo inayowatenganisha.

Kitu kingine, usichanganye ND na DO. DO ni daktari kamili kama MD (yule daktari wa kawaida wa hospitali), anafanya upasuaji, anaandika dawa zote, anafanya kazi hospitali yoyote katika majimbo yote 50. Nimeona watu wanamkataa dokta wa watu ati "huyu ni wa mitishamba" kumbe ni DO.

Na tukisema "tiba asili" kwetu nyumbani akili inaenda kwa mganga au mzee anayejua mizizi aliyoachiwa na bibi yake. ND sio huyo, hata kama wote wawili wanakupa kitu cha kuchemsha.

2. Kwa nini kila jimbo lina sheria yake, kwani serikali kuu haipo?

Ipo, lakini leseni za kazi za tiba ni mamlaka ya majimbo. Katiba yao inasema mamlaka ambayo serikali kuu haikupewa yanabaki kwa majimbo, na mwaka 1889 Mahakama Kuu kabisa ya nchi, kwenye kesi ya Dent na jimbo la West Virginia, ikakubali kuwa jimbo lina haki ya kumzuia mtu asitibu kama hana leseni yake. Tangu hapo ndo hivyo. Kwa waliotoka Tanzania ni rahisi kuchanganyikiwa maana kule kuna Baraza moja la Tiba Asili na Tiba Mbadala la nchi nzima, chini ya sheria ya 2002. Huku fikiria mabaraza tofauti tofauti, na mengine hayapo kabisa.

3. Majimbo gani yanawatambua na yapi hayawatambui?

Yanayotoa leseni au usajili: Alaska, Arizona, California, Colorado, Connecticut, Hawaii, Idaho, Kansas, Maine, Maryland, Massachusetts, Minnesota, Montana, New Hampshire, New Mexico, North Dakota, Oregon, Pennsylvania, Rhode Island, Utah, Vermont, Washington na Wisconsin, pamoja na mji mkuu Washington DC. Mengine ni ya zamani sana, Hawaii ilianza 1925 na Oregon 1927, mengine ni ya juzi tu, Wisconsin sheria yao ilisainiwa 2022.

Sasa angalia majimbo ambayo hayamo, maana ndo yenye watu wetu wengi: Texas, New York, Ohio, Georgia, Kentucky, North Carolina, Michigan, Illinois, Indiana, Iowa, Missouri. Huko hakuna leseni ya ND, hakuna bodi, yani mtu akikuonyesha "leseni ya ND ya Texas" anakudanganya, haipo karatasi kama hiyo. Florida waliacha kutoa leseni mpya tangu 1959. Tennessee na South Carolina ni kali zaidi, sheria zao zinapiga marufuku kazi yenyewe.

Sheria hizi zinabadilika. Idaho waliwahi kuwa na leseni, wakaifuta, wakaweka nyingine 2019. Kwa hiyo kabla ya kuamini orodha yoyote, hata hii, ingia tovuti ya jimbo lako (namna ya kufanya iko swali la 14).

4. Nimeambiwa Minnesota "wanasajiliwa" sio leseni. Tofauti ni nini?

Leseni inasema: kazi hii asiifanye mtu mwingine ila mwenye karatasi hii. Usajili mara nyingi unalinda jina tu. Pennsylvania ndo mfano mzuri, sheria yao ya 2016 inazuia mtu asiyesajiliwa asijiite "naturopathic doctor", lakini haimzuii kufungua kibanda na kushauri watu mambo ya mimea kwa jina lingine. Colorado wanasajili tangu sheria ya 2013 na ND wa kule haruhusiwi kujiita "physician". Minnesota wanasajiliwa chini ya bodi ile ile ya madaktari wa kawaida, tangu 2009.

Kwa mgonjwa maana yake ni kwamba neno lililoandikwa mlangoni lina uzito wa kisheria. Arizona na Oregon utaona "naturopathic physician" na ni halali, na Arizona wengine wanaandika NMD. Ukiona "traditional naturopath", "naturopath" peke yake, "holistic doctor", "natural healer", uliza, maana hayo mara nyingi ni majina ya watu wasio na leseni, wengine ni waaminifu kabisa na wanakwambia wazi, wengine wanategemea wewe usijue.

## Masomo na vyeti

5. ND mwenye leseni amesoma nini?

Chuo kilichopitishwa na baraza linaloitwa CNME, ambalo linatambuliwa na wizara ya elimu ya Marekani. Vyuo hivyo ni vichache sana, unavihesabu kwa vidole: Bastyr karibu na Seattle, ambacho kina tawi San Diego, NUNM cha Portland kilichoanza 1956, Sonoran cha Tempe, Arizona, NUHS karibu na Chicago, na CCNM upande wa Canada. Masomo ni saa zisizopungua 4,100 na kati ya hizo 1,200 ni kliniki na wagonjwa. Alafu kuna mtihani wa NPLEX wenye sehemu mbili, ya kwanza sayansi ya mwili, ya pili ni kutibu.

Ila ujue pengo lilipo. MD akimaliza chuo lazima aingie hospitali miaka 3 au zaidi chini ya madaktari wazoefu, wagonjwa mahututi usiku na mchana. ND kwa majimbo karibu yote halazimiki, Utah ndo wanadai mwaka mmoja. Kwa hiyo ND anaweza kuwa amesoma vizuri lakini hajawahi kumuona mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo saa nane za usiku. Hili silisemi kumshusha mtu, nalisema kwa sababu ndo linaloamua umpeleke mgonjwa gani kwake.

6. Ana cheti kizuri ukutani kimeandikwa "Board Certified". Si inatosha?

Haitoshi. "Bodi" inaweza kuwa chama cha binafsi ambacho ukilipa ada unapewa cheti, hakuna uhusiano na serikali. Bodi ya jimbo ni ofisi ya serikali na jina la mtu linatokea kwenye tovuti yake. Kama halitokei, hicho cheti ni pambo. Ndani ya watu wenyewe wa naturopathi kuna mgogoro wa miaka mingi juu ya hili: chama cha AANP kinapigania leseni kila jimbo, na ANMA kinapinga kwa hoja kwamba leseni itawanyima kazi wale wa kienyeji. Chama kikubwa cha madaktari cha AMA nacho kinapinga ND waongezewe mamlaka, kwa sababu zake.

7. Mimi nilikuwa tabibu wa tiba asili nyumbani nina usajili wa Baraza. Naweza kuomba leseni ya ND huku?

Kwa usajili huo peke yake, hapana, na inauma kusema hivyo kwa mtu aliyefanya kazi miaka 20. Leseni inadai digrii ya chuo cha CNME na NPLEX, na usajili wa Tanzania, Kenya au Kongo hauhamishwi. Hata ukiwa ulikuwa daktari kamili wa hospitali nyumbani bado huwezi kukaa mtihani wa NPLEX bila kupita kimojawapo cha vyuo hivyo. Uliza chuo chenyewe kama watakupunguzia masomo kwa yale uliyosoma.

Unachoweza kufanya bila leseni ni kuuza chai na viungo, kufundisha upishi, kutoa ushauri wa jumla wa chakula, bila kutaja ugonjwa wa mtu na bila kusema unatibu. Ukivuka hapo soma swali la 17.

## Anaruhusiwa kufanya nini

8. ND anaweza kuniandikia dawa za famasi?

Hapa majimbo yanatofautiana kama usiku na mchana. Oregon na Arizona wana mamlaka mapana, wanaandika dawa nyingi za kawaida na wanafanya upasuaji mdogo kama kushona kidonda. Washington wanaandika dawa nyingi, lakini kwa zile zinazodhibitiwa kisheria wanaruhusiwa testosterone (homoni ya kiume) na zenye codeine (ya maumivu) tu. California wanaandika homoni wenyewe na epinephrine ya mzio mkali, dawa nyingine mpaka wawe chini ya usimamizi wa MD au DO. Vermont lazima wapite mtihani wa ziada wa dawa. Alaska, Connecticut na Massachusetts hawaandiki.

Kwa hiyo rafiki yako wa Portland akikwambia "ND wangu ananipa dawa ya presha" anasema kweli, na ND wako wa Boston akikataa naye yuko sawa, usimuone hajui kazi.

9. Natumia ARV (au dawa ya presha, kisukari, kuzuia damu kuganda). Kuna hatari nikienda kwa ND?

Hatari kubwa ni kuficha. Wengi wetu tunaficha ARV kwa aibu, tunaenda kwa ND tunasema "nimechoka tu, sina usingizi", anatupa mmea. Sasa kuna mmea unaitwa St. John's wort unauzwa kila duka kwa ajili ya huzuni, huo unalifanya ini livunje dawa haraka zaidi, ARV zinapungua nguvu mwilini, vidonge vya uzazi wa mpango vinapungua, warfarin (ile ya kuzuia damu kuganda) inapungua. Hakuna anayekuonya dukani, maana kwa sheria ya 1994 virutubisho havihitaji kuthibitishwa na FDA (shirika la serikali kuu linalosimamia dawa na chakula) kabla ya kuuzwa. Mwambie ND dawa zako zote, alafu mwambie na mfamasia wako kile ND alichokupa. Mfamasia anajibu bure na hamsimulii mtu.

Na ND yeyote, mwenye leseni au asiye nayo, akikwambia acha ARV, acha insulini au acha dawa ya kifafa, ondoka hapo. Kama ana leseni soma na swali la 15.

10. Dripu za vitamini ni salama kwa sababu ni za asili?

Kitu kikipita kwenye mshipa, tumbo na ini havikipokei kwanza, kinaingia damuni moja kwa moja. Mwaka 2017 FDA ilitoa taarifa juu ya mwanamke wa miaka 30 aliyechomwa dripu ya curcumin, ile iliyomo kwenye manjano, kwa ajili ya ukurutu, moyo wake ukasimama na akafariki. FDA walipopima ile dawa wakakuta ndani yake diethylene glycol, ambayo ni sumu. Ni manjano hayo hayo tunayoweka kwenye mchuzi, lakini mchuzi hauingii kwenye mshipa. Kabla ya kukubali dripu uliza: leseni ya ND wako inaruhusu sindano za mshipa katika jimbo hili? Dawa imetoka famasi gani? Nikizimia kuna nini hapa cha kuniokoa?

11. Na watoto?

Majimbo mengi hayaweki umri, ila Colorado wana masharti ya ziada kwa watoto wadogo. Mimi nasema mtoto awe na daktari wake wa watoto kwanza, ND awe wa nyongeza. Mtoto mchanga mwenye homa anapelekwa dharura, wala hapigiwi simu ND.

Kuhusu chanjo, ND mmoja wa California alihukumiwa kifungo 2022 kwa kuuza vidonge feki kama kinga ya Covid pamoja na kadi feki za chanjo. Karatasi ya msamaha wa chanjo shuleni nayo ni ya jimbo kwa jimbo: Washington ND anaruhusiwa kuisaini, California ni MD au DO tu.

## Bima na karatasi za serikali

12. Bima italipa?

Medicare ya wazee, hapana, ND hayumo kwenye orodha yao ya madaktari. Medicaid, ile ya wenye kipato kidogo, ni ya jimbo kwa jimbo: Washington, Oregon na Vermont wanalipa, na kwa Washington imekuwa hivyo tangu 2014. Bima ya kazini kwa Washington ina nafuu kwa sababu sheria ya 1995 inazitaka kampuni za bima zisibague aina ya mtoa huduma mwenye leseni, kwa hiyo kule ND wengi wako ndani ya mtandao wa bima. Kwenye majimbo yasiyo na leseni jiandae kulipa mfukoni.

Cha muhimu, piga namba iliyo nyuma ya kadi yako UPIGE MWENYEWE, usiulize kliniki peke yake. Mama mmoja tunayesali naye aliambiwa mapokezini "tunapokea bima yako", akaja kugundua bima ililipia kumuona ND tu, vipimo vya maabara vikabaki kwake na vilikuwa zaidi ya kodi yake ya nyumba ya mwezi. Uliza vitu vitatu tofauti: kumuona, vipimo, virutubisho. Hiyo ya mwisho kwa kawaida ni yako.

13. ND anaweza kunijazia fomu ya uhamiaji ya afya, au ya leseni ya lori?

Fomu I-693 ya green card, hapana, hata ukiwa Oregon. Inajazwa na daktari aliyeteuliwa na USCIS (idara ya uhamiaji) na lazima awe MD au DO. Ukipeleka iliyosainiwa na mwingine umepoteza pesa na muda.

Ya madereva wa treli, anayekupima lazima jina lake liwe kwenye rejista ya taifa ya wapimaji ya FMCSA (shirika la serikali kuu la usalama wa malori), na awe anaruhusiwa na jimbo lake kupima afya. Usianze na cheo chake, anza na rejista, kama jina halimo usimlipe.

## Kukagua na kulalamika

14. Nakaguaje leseni?

Ingia tovuti rasmi ya jimbo, ile inayoishia na .gov, tafuta sehemu ya kukagua leseni, andika jina lake la ukoo. Utaona namba, tarehe ya kuisha, na kama amewahi kuadhibiwa. Oregon na California wana bodi zao za naturopathi, Kansas wako chini ya bodi ya jumla ya tiba. Kama Kiingereza kinakusumbua mpe mtoto wa shule akusomee, ni dakika tano. Leseni inahuishwa, California kwa mfano anatakiwa asome saa 60 kila miaka miwili, 20 kati ya hizo za dawa, kwa hiyo leseni ya mwaka juzi ukutani sio ushahidi wa leo.

15. Ameniumiza. Nashtaki wapi, na wataniuliza karatasi zangu za kukaa nchini?

Mwenye leseni: unaandika malalamiko kwa bodi ya jimbo, bure, huhitaji wakili. Bodi inaangalia kosa la mtoa huduma, haishughuliki na uhamiaji, nawe huna sababu ya kuandika habari za viza kwenye malalamiko. Weka risiti, chupa, meseji za simu. Bodi inaweza kumpa onyo, kumsimamisha au kumfutia, lakini kukurudishia pesa sio kazi yake, hiyo ni mahakama ya madai.

Asiye na leseni: bodi ya ND inaweza isiwe na meno juu yake, basi peleka kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, au bodi ya madaktari kwa kosa la kutibu bila leseni. Minnesota wana ofisi kwenye idara yao ya afya inayopokea malalamiko ya watoa tiba mbadala wasio na leseni, na hao kisheria wanatakiwa wakupe karatasi ya haki zako kabla hawajaanza.

## Yale yenye utata

16. ND wangu yuko Seattle, mimi nimehamia Dallas. Tuendelee kwa video?

Kinachohesabiwa ni mgonjwa amekaa wapi wakati wa matibabu. Ukiwa Dallas unatibiwa Texas, na Texas leseni yake ya Washington haina kazi. Wengine wanaendelea wakiita "ushauri wa afya" badala ya tiba, lakini hapo unapoteza ulinzi: hawezi kukuandikia dawa na bima haitalipa. Omba faili lako lote kabla hujahama, ni haki yako.

17. Kwa hiyo anayefanya kazi New York au Texas bila leseni ni mhalifu?

Sio lazima. Akifundisha chakula na mazoezi bila kutambua magonjwa wala kudai anatibu, anaweza kuwa salama. Akianza kusema "una saratani, hii itaiondoa", huko ni kutibu bila leseni, na New York hilo ni kosa kubwa la jinai. California walifanya tofauti, sheria ya 2002 inamruhusu asiye na leseni atoe huduma fulani za asili mradi akupe maandishi kwamba hana leseni ya jimbo na wewe usaini, na asikuguse kwa upasuaji wala asikuandikie dawa.

18. Natibiwa kwa WhatsApp na tabibu aliyeko Tanga, ananitumia unga kwa mtu anayesafiri. Hiyo nayo inahusika?

Kwa jimbo, wewe mgonjwa huna kosa la kumpigia mzee wako. Ila huo unga ukikudhuru hakuna bodi ya Marekani itakayomfikia, na ule mzigo uwanja wa ndege lazima utajwe kwenye forodha, mimea isiyotajwa inachukuliwa na faini inaweza kumwangukia aliyeubeba, ambaye pengine hajui hata kuna nini ndani. Kama tayari unautumia, peleka kidogo kwa mfamasia pamoja na orodha ya dawa zako, umtajie jina la mmea kwa Kiswahili na kwa kilugha, na umuombe tabibu akupigie picha ya majani yake kabla hayajasagwa.